Jaji wa Ng'ombe na Gemu ya Kijapani

Pale kwetu Wamagana, kule Nyeri, ukimwona Jaji akiingia kiwanjani mwako, la kwanza lilikuwa kumwuliza kama amekuja kusalimia au amekuja kutazama. Akisema amekuja kusalimia, ulimpa chai na kiti cha mbao. Akisema amekuja kutazama, chai ilibaki kwenye birika, maana hangeinywa hata umpigie magoti. Alikuwa jaji wa ng'ombe wa maziwa katika maonyesho ya kilimo, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini kiasi kwamba hata alipostaafu aliendelea kuhukumu kila kilichopita mbele yake: mahubiri, harusi, mandazi, mabati ya jirani, na hatimaye gemu ya televisheni iliyotoka Japani. Hiyo ya mwisho ilikuwa yangu mimi, ndiyo maana namwandika.

Jina lake nalijua, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Hata mkewe alimwita Jaji, ingawa kwake yeye neno hilo lilitoka kama jina la utani ambalo mtu amechoka nalo lakini hana lingine. Watoto walimwita Jaji, pasta alimwita Jaji, na yule mwendawazimu wa sokoni aliyewatukana wote alimwita Jaji kwa adabu kabisa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti la mvua la kijani alilivaa hata jua likiwaka. Gamubuti zake ziling'aa kuliko viatu vya Jumapili vya watu wengine. Akikusalimia alianza kukutazama miguu, kisha magoti, akapanda polepole hadi usoni, na akifika usoni tayari alikuwa na maoni. Kitu kipya alikizunguka kwanza. Kanisa liliponunua mimbari mpya, watu wote walikaa kwenye benchi wakangoja huku Jaji akiizunguka, akainama, akaigonga mguu mmoja kwa ukucha. Fundi seremala alisimama mlangoni akitokwa na jasho kama aliyeletwa mahakamani.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba zuri hutangulia. Hata ng'ombe mbovu kabisa, aliyeingia uwanjani akichechemea, Jaji alimtafutia neno zuri na kulisema kwa sauti kubwa ili mwenyewe alisikie mbele ya watu. Mabaya aliyasema baadaye, kwa sauti ya chini, karibu na sikio. Mama mmoja aliyeuza mandazi karibu na stendi alimpa moja amjaribie.

"Rangi iko sawa," Jaji akatangaza, watu wote wakasikia. "Umbo iko sawa. Hii mandazi imesimama vizuri." Kisha akamwinamia. "Sasa ndani, mami. Ndani iko na unga mbichi."

Mama huyo alicheka mpaka akashika meza, na kesho yake mandazi yalikuwa yameiva. Pasta hakucheka sana. Yeye aliuliza mwenyewe, baada ya ibada, tena mbele ya wazee, na Jaji akamwambia sauti iko, kusimama kuko, ila mahubiri yalikuwa na mgongo mrefu na yamebonyea katikati. Ng'ombe akibonyea mgongo, huyo hafiki mbali. Kwa majuma kadhaa tulikuwa tukitoka kanisani mapema.

Mkewe, ambaye sote tulimwita Cucu, yaani nyanya, ndiye peke yake aliyemhukumu Jaji mwenyewe. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Wewe kwa ng'ombe ya watu uko na macho kumi. Kwa kuni zimeisha hapa jikoni huna hata moja." Jaji alitoka akaenda kupasua kuni. Na ajabu ni kwamba ng'ombe wake mwenyewe alikuwa kituko. Alikuwa na pembe moja, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani, na alimpiga teke kila aliyemkaribia isipokuwa Jaji. Uwanjani angefukuzwa langoni. Nyumbani alikamuliwa akiimbiwa nyimbo za kanisa kwa besi nzito, na mtu akicheka Jaji alisema, "Huyo hatahukumiwa na mtu. Huyo ni wa hapa." Halafu alibadilisha mazungumzo.

Sheria yake ya pili ndiyo iliyokuwa na uchungu. Akishahukumu mnyama, haingii tena katika boma la mwenye mnyama huyo. Si kwa chai, si kwa mazishi, hata mvua ikimnyeshea mlangoni. Aliogopa kwamba mtu akimwona ameketi kwa mshindi, atasema hukumu ilipikwa, na hukumu ikishapikwa, maonyesho yote ni upuzi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu wa Nanyuki, aliyekuja soko la Chaka kila juma. Yeye na Jaji walikuwa marafiki wa kukaa juu ya gogo na kusema ng'ombe mpaka soko linavunjika. Kisha mwaka mmoja mtu huyo akamleta fahali wake kwenye maonyesho ya Nyeri, fahali wa kweli, na Jaji akampa utepe wa kwanza. Kuanzia hapo Jaji alipofika Chaka alizunguka nyuma ya maduka ili asipite mbele ya gogo lile. Nilimkuta mfanyabiashara huyo miaka baadaye nikamtajia Jaji. Alitikisa kichwa.

"Yule mzee? Wallahi, ningejua, ningemwacha fahali nyumbani," akasema. "Nimepata utepe, rafiki amekwenda. Utepe hauongei."

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa riziki yangu mikononi.

Nilikuwa nimemaliza shule bila alama za kunipeleka popote, na kwa shangazi Othaya kulikuwa na kikapu cha kuchumia chai kinaningoja. Sikukitaka kikapu hicho. Mama yangu, Mungu amweke, aliuza mtamba wake mmoja akaniambia nifanye kitu kitakachonikalisha karibu. Nikanunua televisheni, nikapata mashine ya gemu iliyokwishatumika, nikakodi chumba kando ya kinu cha kusagia mahindi. Binamu yangu wa Nairobi akaniletea kaseti ya gemu ambayo ilibadilisha kijiji. Ilikuwa ya mapigano, iliyotengenezwa kutokana na katuni ya Kijapani. Kijana mwenye nywele za samawati zilizosimama wima anamtafuta dada yake aliyechukuliwa na mtu wa kinyago cheupe. Anasaidiwa na msichana mwenye mkuki. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani na hakuna aliyeelewa herufi hata moja, lakini teke ni teke. Chumba kilijaa siku ya kwanza na hakikuwahi kubaki kitupu.

Tatizo likaja na maziwa. Vijana waliotumwa kupeleka maziwa ya jioni kwenye deri walipitia kwangu, na maziwa yakafika yamechacha. Njiani walirushiana mateke kama yule kijana wa nywele, mmoja akaangukia mfereji na mkebe wote ukamwagika. Mama mmoja wa Chama cha Wanawake alisimama kanisani akasema hiyo mashine ina pepo, na kwamba watu wenye nywele za buluu hawakuumbwa na Mungu tunayemjua. Naibu wa chifu akaitisha baraza. Wengine walitaka nifungiwe siku hiyohiyo. Nilisimama pale nikiwa tayari naona kile kikapu cha shangazi.

Ni mzee mmoja aliyesema tusihukumu kitu ambacho hatujakiangalia. Watu wote wakageuza shingo upande mmoja, kwa Jaji. Naye akasimama, akavua kofia, akasema, "Sawa. Nitatazama. Nikimaliza kutazama, nitasema."

Alikuja asubuhi ya juma lililofuata. Nilikuwa nimechemsha chai ya maziwa mazito, nikaiondoa mwenyewe bila kuambiwa. Alikizunguka chumba, nje na ndani. Akaizunguka televisheni. Akainua kaseti akaitazama chini, pale penye meno ya shaba, kama anayemkagua ng'ombe umri.

"Mama yake iko wapi?" akauliza.

"Mama ya nani, Jaji?"

"Ya hii gemu. Si umesema imezaliwa na katuni? Mimi sihukumu ndama kama sijaona mama."

Bahati nzuri binamu yangu alikuwa ameleta pia kanda ya video yenye sehemu chache za katuni hiyo. Jaji aliketi juu ya kreti ya soda, kofia magotini, akaitazama kanda yote. Ikaisha, akaniambia niirudishe mwanzo. Kijana wa nywele za samawati alipombeba mzee mmoja mgongoni kuvuka mto, Jaji aliguna. Alipolia peke yake chini ya daraja akikumbuka dada yake, Jaji alitoa kitambaa akapenga kamasi akasema chumba changu kina vumbi la unga. Lilikuwepo kweli, lakini halikuwa jingi kiasi hicho.

Ndipo akataka kucheza. Hakuna jaji, alisema, anayemhukumu ng'ombe bila kumgusa. Nikampa kile kidude cha vitufe. Alikishika kwa vidole vyote, akikivuta kidogokidogo kuelekea tumboni, jinsi mtu anavyokamua, na kila mara kijana wa nywele aliporuka, Jaji naye aliruka juu ya kreti. Alikufa mara moja. Akafa tena. Kicheko cha vijana kilifika hadi kwenye kinu. Jaji akawageukia.

"Nyinyi cheka," akasema. "Hata ng'ombe ya kwanza nilikamua, iliniangusha ndani ya ndoo."

Siku ya tatu hawakucheka tena. Mzee alikuwa amegundua kwamba maadui hupumua kabla ya kupiga, na akawa anangoja pumzi. Ameangalia wanyama maisha yake yote, angekosaje kuona pumzi? Akapita leveli ya msitu, akapita ya daraja, na vijana wakaanza kusimama nyuma yake wakipiga kelele, "Buda ni noma! Jaji, piga chini! Chini!" Naye anajibu bila kugeuka, "Ngojeni, ngojeni, wacha apumue kwanza."

Alikuja kila siku. Juma likaisha, naibu wa chifu akamwuliza hukumu iko wapi. Jaji akasema bado hajaona upande wa kushoto. Juma jingine likaisha, akasema anataka kumwona akitembea kwenye mteremko. Mimi usingizi ukanipotea. Niliamini kabisa kwamba anatafuta kosa la kunimaliza nalo, na kwamba amelipata moja na sasa anatafuta la kuliongezea. Kila alipoguna nilishtuka. Nilianza kumchukia kidogo, nasema ukweli, pale juu ya kreti yangu ya soda akiwa na furaha zake huku mimi nakauka.

Cucu ndiye aliyenifumbua macho. Alipitia kwangu akitoka kusaga, gunia kichwani, akasimama mlangoni akimtazama mumewe aliyekuwa akirukaruka.

"Muiritu," akaniambia kwa sauti ya chini, kama wasichana wanavyoitwa kwetu, "wewe unafikiri ameshindwa kuhukumu?"

"Sijui, Cucu. Naona anachelewa tu."

"Ameshajua hukumu tangu siku ya kwanza. Hapa anajichelewesha. Akisema leo, kesho haingii hapa. Na bado hajamshinda yule wa kinyago." Alicheka, lakini si sana. "Mimi nimekaa na huyu mtu maisha yangu. Sijamwona akirudi nyumbani akiimba jioni. Sasa anaimba."

Nilibaki nimesimama na chenji ya mtu mkononi. Kumbe wakati mimi nilihofia kufungiwa chumba, yeye alikuwa akihofia kufungiwa nje. Na hofu zetu zilikuwa zinavutana, maana kadiri alivyokawia ndivyo baraza lilivyozidi kunikalia shingoni. Mwishowe naibu wa chifu alikuja mwenyewe akasema kwamba kama hukumu haipo Jumamosi, Jumatatu anafunga kwa kufuli lake. Jaji alikuwa ameketi palepale. Alisikia. Hakugeuka.

Siku ya Ijumaa alifika asubuhi na mapema, akacheza kwa adabu na bila kupiga kelele. Mashine yetu haikuweka kumbukumbu, ukizima umeanza upya, kwa hiyo alianza msituni akapanda. Mchana kinu kilisimama na wasagaji wakaja kutazama, nyuso zimejaa unga. Alasiri akafika ukumbi wa mwisho. Mtu wa kinyago alikuwa mjanja kupita kiasi. Anapotea, anatokea nyuma yako, na akibaki na damu kidogo anajiponya. Jaji alingoja pumzi yake, akapiga, akangoja, akapiga. Kinyago kikapasuka upande mmoja, jicho likaonekana. Hakuna aliyewahi kuliona jicho hilo.

Na stima ikapotea.

Hata sasa nikikumbuka nacheka na kuumia kwa pamoja. Wamagana stima ilipotea wakati wowote, hatukuwa na wa kumlaumu. Vijana walilia kama waliofiwa. Jaji aliitazama ile televisheni nyeusi, akakiweka kidude chini taratibu, akavaa kofia.

"Ngoja, Jaji, itarudi sasa hivi," nikamwambia.

"Haitarudi leo, muiritu. Na kesho ni kesho." Akainuka, akanyoosha mgongo. Mlangoni alisimama kidogo, akakitazama chumba, kisha akatoka.

Jumamosi baraza lilijaa kuliko siku ya kugawa mbegu. Jaji alisimama mbele amevaa koti jeupe la maonyesho, lile ambalo hatukuwa tumeliona tangu astaafu, Cucu amelipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama. Hakuwa na karatasi. Akaanza, kama kawaida yake, na zuri.

"Hii gemu iko na miguu," akasema kwa sauti ya uwanjani. "Sijaona mnyama anatembea vizuri hivi. Yule kijana akikimbia, unasikia uzito yake. Akipiga, unasikia imefika. Yule msichana anatembea yake, kijana anatembea yake, hata ukifunika uso unajua ni nani. Rangi ni ya mama yake kabisa, macho ni ya mama, nywele ni ya mama. Mtu ameona katuni, akiona gemu hawezi kuuliza hii ni mtoto ya nani. Na iko na kitu kingine mzuri sana. Watu wawili wanaweza kucheza pamoja, na mmoja akianguka, mwingine anaweza kumuinua. Hiyo nilipenda... hiyo ni alama mzuri."

Alijikwaa hapo kwenye kupenda. Nafikiri ni mimi na Cucu tu tuliotambua. Jaji hakuwahi kusema anapenda kitu akiwa kazini, alisema kina alama au hakina.

Kisha akasonga mbele kwa watu, akashusha sauti, nasi tukamwinamia ili tusikie mabaya.

"Sasa shida. Kwanza, imechukua miguu ya mama ikaacha moyo. Kwa katuni huyu kijana anabeba mzee, analia, anakula kwa nyumba ya maskini. Kwa gemu anapiga tu. Kama hujaona mama, utafikiri ni mkora anatafuta watu ya kupiga. Ya pili, maadui ni wale wale, wamebadilishiwa shati. Ya tatu, wanaweka mti mbele, wewe umesimama nyuma yake huoni, unapigwa. Huo si ujanja, hiyo ni kukosa macho. Yule msichana kwa katuni ni hodari kuliko kijana. Kwa gemu wamempa mkuki moja na kazi kidogo. Hiyo imenikasirisha. Na yule wa mwisho, wa kinyago, anaiba. Anajiponya mwenyewe. Mnyama kama huyo ningemtoa nje ya uwanja."

"Na maandishi?" yule mama wa Chama cha Wanawake akauliza. "Hatujui imeandika nini. Labda ni matusi. Labda ni maombi ya shetani."

"Ati maandishi? Hiyo si makosa ya gemu, mama. Ni sisi hatujui kusoma Kijapani. Ng'ombe ikitoka Uingereza unaifukuza juu haijui Kikuyu?"

Watu wakacheka, na mama huyo naye akacheka, ingawa alijaribu kujizuia kwa leso.

"Hukumu yangu," Jaji akasema. "Namba moja siipi, juu ndama ambaye hawezi kusimama bila mama yake si namba moja. Naipa namba mbili, na namba mbili haifungiwi. Lakini mwenye rumu afunge mlango saa ya maziwa mpaka deri ipokee. Na atoboe dirisha kubwa upande wa barabara, watoto wasikae kwa giza, na mzazi akipita aone mtoto wake. Nimemaliza."

Nilikuwa na furaha ya kutosha kuanguka chini, na bado nilikuwa na kahasira kadogo kwa ile namba mbili, maana hakuna mtu mwenye gemu yake anayependa kuambiwa ni ya pili. Nilipita katikati ya watu nimshukuru. Aliponiona nakuja, aliinua fimbo kidogo, akanisalimia kwa mbali, akaenda zake na Cucu.

Hakuingia tena. Nilitoboa dirisha, kubwa kama alivyosema, na kupitia dirisha hilohilo nilimwona. Alikuja kwenye kinu hata siku ambazo Cucu alikuwa na unga wa kutosha, akaketi juu ya jiwe lililo ng'ambo ya barabara, kisogo amenipa. Hakuwahi kugeuza kichwa. Lakini nilimwona mabega. Kijana akiruka ndani, bega la Jaji liliinuka nje. Alizijua sauti zote, alijua nani amefika leveli ipi. Nilimwendea nikamwomba aingie, nikamwambia hakuna mtu atasema chochote.

"Leo hawasemi," akanijibu. "Siku watataka kukufungia tena watasema. Watasema, huyo mzee alikuwa anakaa kwake." Akaniangalia miguu, akapanda hadi usoni. "Enda, muiritu. Uko na wateja."

Nilirudi ndani nikiwa na uchungu ambao sikuwa na pa kuuweka. Nilikula kutokana na chumba kile miaka yangu yote ya ujana, na kila mkate nilioununua alikuwa amenilipia yeye kwa kukaa juu ya lile jiwe. Nilimpenda mzee yule. Sikumwambia, kwetu hatuambiani mambo hayo.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mashine mpya zilifika Nyeri mjini, za picha zinazozunguka, na vijana wangu wakaanza kwenda huko. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeposwa Nanyuki, na nilitaka kufungua saluni. Nikauza televisheni kubwa, nikarudisha ufunguo wa chumba. Mashine na kaseti ile nilizifunga kwa kanga. Siku moja kabla ya kuondoka nilipanda nazo hadi kwa Jaji.

Nilimkuta kwenye baraza ya nyumba yake. Nyonga ilikuwa imemkaza, hakuzunguka tena vitu, aliviacha vimzunguke yeye. Cucu alitoka jikoni akipangusa mikono. Nikawaambia naolewa, nikawaambia nimefunga.

"Kabisa?" Jaji akauliza.

"Kabisa, Jaji. Ufunguo nimerudisha. Nimekuletea hii."

Aliutazama mzigo, akaelewa, na uso wake ukajifunga. "Aca, hapana. Siwezi kupokea kitu kwa mtu nilimhukumia. Hata kama umefunga. Rudisha."

Nilikuwa nimetembea nikiomba asiseme hivyo, na sasa amesema. Niliinama nikauchukua mzigo wangu, ndipo Cucu akapita katikati yetu.

"Mimi nimehukumu nani?" akauliza.

Jaji akainua macho.

"Nauliza. Mimi nimewahi kuhukumu ng'ombe ya mtu? Nimewahi kuvaa ile koti, zaidi ya kuipiga pasi?" Akaunyanyua mzigo kutoka mikononi mwangu. "Asante, muiritu. Hii ni yangu. Nitaiweka kwa TV yangu, ile mtoto wetu alininunulia mimi. Kama kuna mtu kwa hii nyumba anataka kucheza, aniombe."

Jaji alitazama mahali pengine, kwenye miti ya kahawa, kwenye ua, akasafisha koo. "Basi," akasema hatimaye, kwa sauti ya kijana aliyefumaniwa, "naomba."

Tuliunganisha waya, Cucu akatuhimiza tunywe chai kwanza na hakuna aliyemsikiliza. Kijana wa nywele za samawati akatokea. Jaji akakishika kidude vilevile, akikivuta kuelekea tumboni, lakini vidole havikuwa vile. Vilitetemeka, vilifika kwenye kitufe wakati pigo limeshapita. Alikufa msituni, akipigwa na kile kiadui kidogo cha kwanza ambacho watoto wa chekechea walikuwa wakikiruka.

Kule chumbani kwangu ukifa ulimpa kidude aliye nyuma yako, kwa sababu siku zote palikuwa na aliye nyuma yako. Jaji akakiinua kidude juu ya bega bila kugeuka, akangoja kichukuliwe. Mkono ukakaa hewani. Akageuka polepole, kwa sababu ya nyonga, akatazama nyuma ya kiti.

"Ni nani anangoja?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, Jaji."

Alifikiri kidogo. Kisha akaurudisha mkono magotini, akajisogeza mbele ya kiti, akabonyeza kitufe cha kuanza.